Madaftari Thelathini na Manne ya Mwalimu Apphia

Mwalimu Apphia Nutaraq Qamaniq, 3 Aprili 1955 – 30 Mei 2022. Habari za maisha yake kama zilivyosomwa na mdogo wake, Leetia, katika kanisa la Anglikana la Nuvuktaaq, Jumamosi tarehe 4 Juni 2022.

Baba Mchungaji, wazee wetu, jamaa na majirani, wanafunzi wa jana na wa leo, na nyinyi wageni mlioshuka na ndege ya asubuhi mkiwa na viatu vya mjini: asanteni kwa kuja kumsindikiza Mwalimu Apphia. Kaeni vizuri. Maneno haya si mafupi, ingawa mwenyewe aliomba yawe mafupi.

Aliacha karatasi. Aliiandika kwa penseli mwezi wa Aprili, akaiweka chini ya kopo la sukari, mahali ambapo mdogo wake asingekosa kuiona. Ina maagizo matatu. La kwanza, watu wasiwekwe kanisani mpaka chakula kikapoa. La pili, asiitwe Daktari, kwa sababu hakuwa. La tatu, habari ya tarehe 11 Juni 1988 isemwe yote kama ilivyokuwa, na mtu asijaribu kumtetea. Hilo la tatu mdogo wake alitamani sana kuliruka. Lakini marehemu mnamjua. Angeinuka humo alimolala akasahihisha.

Na isemwe mapema, ili kila mtu ajue kilichokuwa kikimsumbua. Dada yetu ameacha madaftari thelathini na manne ya vipimo vya barafu ya bahari. Chuo mama, chuo kikuu cha kusini ambacho Chuo chetu ni tawi lake, kiliyaomba mwezi wa Januari ili kiyaweke katika kumbukumbu zake za sayansi. Ni heshima kubwa. Ila kinataka nusu ya kila ukurasa tu, ile nusu ya kushoto. Miezi yake mitano ya mwisho Apphia hakuogopa kufa. Aliogopa mkasi huo.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1955 katika kambi ya Iglurjuaq, mwendo wa siku mbili kwa sleji ya mbwa kutoka hapa, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Josua Nutaraq na marehemu Saata. Kabla ya ubatizo alipewa jina la Aqiggiq, jina la mama yake Josua, aliyekuwa amefariki majira yaleyale ya baridi. Basi tangu siku ya kwanza baba yake alimwita "mama", na hakuwahi kumpandishia sauti. Sisi wengine tulikaripiwa tukikanyaga ngozi zilizowambwa, Apphia alizikanyaga, baba akasema tu, "Mama leo ana haraka." Tulilalamika: "Baba, mbona huyu humsemi?" Akatushangaa kabisa. "Nimseme mama yangu? Nyie watoto mna adabu kweli?"

Mwezi Agosti 1962 ndege ya serikali ilitua mbele ya kambi ikabeba watoto wote waliotimiza miaka saba kwenda shule ya bweni. Apphia aliishi bwenini miaka tisa, akirudi nyumbani kiangazi tu, na mwaka mmoja hakurudishwa kabisa. Mambo ya kule hakupenda kuyasimulia na sisi hatukumchokonoa. Aliwahi kusema tu kwamba kitu pekee alichokipata kule ambacho hakikumwuma ni hesabu. Alimaliza sekondari mwaka 1973, na tarehe 2 Septemba 1974 aliingia chuo kikuu, akahitimu shahada ya kwanza ya fizikia Mei 1978, mtu wa kwanza wa pwani hii. Baba alipokea habari hiyo kwa redio ya kambini. Alitembea nyumba hadi nyumba akisema, "Mama yangu amefaulu," mpaka Mzungu wa dukani akafikiri mzee amechanganyikiwa.

Lugha yetu hakuipoteza huko, wala ulaji wetu. Alichopoteza ni kitu ambacho mwenyewe hakujua kama hakipo. Kilimgharimu, kama mtakavyosikia.

Alifunga ndoa na Jonasi Qamaniq katika kanisa hili tarehe 19 Julai 1980. Jonasi alikuwa mwindaji, mcheshi, mtu wa kukaa na watu, na alijua kutengeneza mashine yoyote kwa waya na matusi. Mungu aliwajalia binti mmoja, Saata, mwaka 1983. Walikuwa wanandoa wa kutaniana. Apphia akisema, "Leo joto ni hasi ishirini na nane nukta nne," Jonasi alijibu, "Nashukuru mke wangu, bila hiyo nukta nne ningetoka kifua wazi."

Chuo Kikuu Kishiriki cha Nuvuktaaq kilifunguliwa Septemba 1981 katika vyumba viwili vya ghala la zamani la samaki, na Mwalimu Apphia ndiye aliyekuwa idara nzima ya sayansi. Alifundisha fizikia, kemia, hali ya hewa, na jinsi ya kuwasha jiko. Harufu ya samaki haikutoka mpaka mwaka 1990. Kila wiki alikwenda na wanafunzi mbele ya Chuo, wakatoboa barafu kwa keekee, wakapima unene wake na kuandika.

Wengi mtakumbuka mtihani wa mwaka 1984. Chuo mama kilikuwa kinatahini kwa simu. Mtahini alikuwa kusini, mwanafunzi hapa, simu imewekwa kipaza sauti, na Apphia amekaa pembeni kama msimamizi aliyekatazwa kutia neno. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Enoki, yule aliyekaa pale karibu na jiko. Mtahini akauliza: "Je, maji ya bahari yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande kuliko maji ya mtoni?" Enoki akainua nyusi. Kimya. "Haloo? Umenisikia?" Enoki akainua nyusi tena, juu zaidi, kwa heshima. Maswali tisa yalikwenda hivyo, pengine nyusi juu, pengine pua imekunjwa, na yote alikuwa sahihi. Kule kusini mtahini akasema, "Nasikitika, kijana huyu hajui kitu." Hapo msimamizi alishindwa kuvumilia, akaikwapua simu.

"Amejibu! Ameyajibu yote!"

"Amejibu lini, bibi? Mimi sikusikia sauti."

"Kwa nyusi! Nyusi juu ni ndiyo, kukunja pua ni hapana. Hata mtoto mchanga anajua!"

"Bibi, mimi siwezi kutoa alama kwa nyusi za mtu."

Enoki alirudia mtihani mwezi wa Agosti. Wiki nzima kabla yake, wapita njia walisikia darasa zima likipiga kelele "Ndiyo! Hapana! Ndiyo!" kama jeshi, na Mwalimu akipiga meza.

Sasa tarehe 11 Juni 1988. Ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi wanane walikuwa wavuke mlangobahari kwenda kusoma vyombo vya hali ya hewa upande wa pili, na Jonasi ndiye aliyekuwa atangulie kwa pikipiki ya theluji, akivuta sleji ya mizigo. Jua lilikuwa limetoka, upepo umelala. Alfajiri Apphia alitoboa barafu mbele ya Chuo mahali patatu. Ilikuwa sentimita tisini na nne. Barafu ya unene huo inabeba lori. Alipita nyumbani kwa baba mkwe wake, Mzee Paulusi Qamaniq, kuaga. Jonasi alikuwa nje anafunga kamba za mizigo.

"Baba, tunavuka leo. Nimepima, ni sentimita tisini na nne."

Mzee Paulusi alitazama dirishani muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi leo nitashona nyavu."

"Kazi njema basi, Baba," akasema Apphia, akatoka.

Kwa ajili ya wageni, neno moja. Kwetu mtu mzima haambiwi "usiende". Ana akili zake, na kumwamrisha ni kumfanya mtoto. Mzee akiona hatari, husema jambo lake mwenyewe, na wewe unasikia. Nyavu zinashonwa mwishoni mwa Julai, wakati samaki wanakaribia kupanda mtoni. Hakuna mwindaji duniani anayekaa ndani kushona nyavu asubuhi nzuri ya mwezi wa sita, sili wamelala juani. Mtu yeyote aliyelelewa hapa angesikia. Apphia miaka tisa alilelewa bwenini. Alisikia kwamba mzee ana kazi ya nyavu. Hata kumwambia mumewe hakumwambia. Angemwambia, Jonasi angefungua zile kamba, akaingia ndani kudai chai.

Mwezi ulikuwa karibu kuandama na bamvua linaanza. Kwenye mlango mwembamba, pale mlangobahari unapobana, mkondo ulikuwa umeila barafu kwa chini, huku juu ikibaki nyeupe na nzuri. Saa nne kasoro dakika kumi barafu ilifunguka. Wanafunzi walikuwa mita sitini nyuma, na Apphia yuko nao. Alikimbia, wakamshika. Ilibidi wawe watatu kumshika. Mwili wa Jonasi ulipatikana tarehe 2 Julai, ukazikwa hapa nje, na leo mkewe anakwenda kulala kando yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Imesemwa, na hajatetewa.

Aliacha kufundisha. Kiangazi chote alikaa ndani na mapazia yamefungwa, akimwogesha Saata, akimlisha Saata, basi. Mwezi wa Oktoba alitoka mwenyewe, akaenda kwa mkwewe, akaketi sakafuni. Mama mkwe wake, Bi Ruta, aliweka chai na samaki. Hakuna aliyegusa. Kisha Apphia akafanya jambo ambalo hapa halifanywi: akamwuliza mzee swali usoni.

"Baba, asubuhi ile ulijua?"

Mzee Paulusi aliinua nyusi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Ulisema unashona nyavu!"

"Ee. Nani anashona nyavu mwezi wa sita? Nilikwambia, mkamwana. Nilikwambia kwa nguvu zangu zote."

"Sikusikia, Baba."

"Najua. Niliona kwamba hukusikia. Nikakutazama unatoka, nikanyamaza. Hilo la kunyamaza ni langu. Lako baki nalo."

Walilia wote watatu mpaka chai ikapoa. Mzee akajifuta uso akasema, "Barafu ikishika, njoo kila asubuhi. Wewe utaniambia namba yako. Mimi nitakwambia ninachofanya siku hiyo. Andika yote mawili."

Tarehe 14 Novemba 1988 alilifungua daftari la kwanza, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto aliandika namba. Kulia aliandika alichosema mzee na alichofanya. Ukurasa wa tatu tu unasomeka hivi: "Sentimita 31. Mzee Paulusi amekwenda kuwinda sili, hata chai hakunywa." Mbele kidogo: "Sentimita 118. Amevaa viatu, akavivua." Na siku nyingine: "Sentimita 127. Anasema magoti yanamwuma. Magoti hayamwumi." Siku hiyo hakuna aliyetoka. Saa nane mchana ufa ulipita katikati ya ghuba.

Mwezi wa Februari 1989 mdogo wake Leetia, huyu anayesoma, alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa na watoto watatu tayari, na dada yake alikuwa na mmoja na kitanda kitupu. Alimfunga mtoto katika ngozi ya sungura, akampeleka, akasema, "Jonasi huyu amerudi, mpokee." Ndiyo desturi yetu na hakuna aliyelazimishwa. Apphia alimpokea. Tangu siku hiyo alimwita "mume wangu", na Mzee Paulusi alimwita "mwanangu", na mtoto alikua akijua kwamba yeye ni mkubwa wa nyumba. Alipokuwa na miaka minne alimkaripia mwalimu mzima mbele ya darasa: "Mke wangu, umechelewa, mimi nina njaa." Mwalimu alifunga kitabu, akamfuata.

Septemba 1989 alirudi kufundisha, na kuanzia mwaka 1990 safu zote mbili zilisomwa redioni hapa kila asubuhi saa moja na nusu. Wanafunzi walifundishwa kutoboa, kupima, kupiga hesabu ya chumvi na mkondo. Kisha wakapelekwa kwa wazee kufundishwa kunyamaza. Aliyeuliza maswali mengi alirudishwa. "Nenda ukakate barafu ya chai," aliambiwa, "ukimaliza utakuwa umesikia kitu." Wako wahitimu wake sabini na watatu, wanafanya kazi viwanja vya ndege, hospitali, vituo vya hali ya hewa na ofisi za samaki pwani yote hii. Tangu siku ile ya Jonasi, mtu wa Chuo hajazama tena. Ni miaka thelathini na minne, na huko kwingine kwenye pwani hii mnajua wenyewe ni wangapi wamekwenda.

Mwaka 2004 alikwenda kusini kutetea tasnifu ya shahada ya uzamivu. Ilikuwa kurasa mia tatu na kumi, kazi ya miaka kumi na tano. Watahini watatu waliisifu. Kisha mmoja wao, bwana mpole, akasema safu ya kulia iondolewe. "Namba hizi naweza kuzikagua," alisema. "Haya maneno ya wazee hayajawahi kuonyeshwa kwamba yamekosea hata siku moja. Kitu kisichoweza kukosea si kipimo." Apphia akamjibu, "Mimi nilikuwa na kipimo kizuri, bwana, nikazika mume." Wakampa miezi sita ya kukata. Hakukata. Alipanda ndege akarudi.

Leetia alimpokea uwanjani. "Ehe, tukuite nani sasa?"

"Niite Apphia. Wamesema nikate."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nina ndege ya saa saba." Wakaenda nyumbani. Alipokuwa anavua buti akasema, "Kinachoniudhi, Leetia, ni kwamba yule bwana ana hoja."

"Hoja gani? Mzungu huyo anajua nini?"

"Ana hoja. Miaka kumi na tano, na hakuna mahali tumeandika kwamba mzee alikosea. Unadhani hawakukosea? Walikosea. Siku nyingine magoti ya baba mkwe yalikuwa yanamwuma kweli. Lakini nani angethubutu kuandika? Mimi mwenyewe sikuthubutu."

Hilo lilimkaa kooni hadi mwisho, na shahada hakuipata. Ndiyo maana haitwi Daktari.

Mzee Paulusi alifariki mwaka 2001, na waliomfuata katika safu ya kulia nao walikwenda mmoja mmoja. Mwaka 2015 wanafunzi wakaanza kupita kwa Apphia asubuhi. Alikasirika. "Mmekuja kufanya nini? Mimi ni mtu wa safu ya kushoto!" Hawakubishana naye, maana hawabishani na mkubwa. Walikaa tu jikoni kwake na daftari magotini, wakitazama kama atavaa viatu. Mwishowe alicheka, akakubali kwamba ameshazeeka.

Oktoba 2020 kikohozi kilimzidi, akapelekwa kusini, ikaonekana ni saratani ya mapafu. Alitibiwa huko mara tatu. Aliwashukuru sana wauguzi, ila chakula chao alikiita adhabu. Binti yake Saata alimbebea maktaaq, ile ngozi ya nyangumi na mafuta yake, mgonjwa akaila chini ya shuka kwa kisu kidogo, mpaka wodi nzima ikajua. Februari mwaka huu daktari alimweleza kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. "Hata nyumbani maumivu yanapungua," akajibu. Alirudi tarehe 19 Februari, kitanda chake kikawekwa kwenye dirisha linalotazama ghuba, na karibu yake barua ya Chuo mama. Aliisoma mara nyingi. Akiulizwa alisema, "Wanataka mkono mmoja wa mtu."

Ijumaa, tarehe 27 Mei, asubuhi, mkufunzi Tabita Uyarak alikuja na daftari. Tabita ni mwanafunzi wake, na ndiye anayeongoza utafiti sasa. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa tayari kuvuka mlangobahari.

"Sentimita mia na ishirini na moja, Mwalimu."

Apphia aliomba ageuzwe. Alitazama barafu muda mrefu. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Tabita alishika kalamu akingoja kusikia kama Mwalimu atalala, au ataomba uji, au atasema lolote linaloandikika.

"Msiende," akasema Apphia.

Tabita alidhani ni dawa inayosema. "Mwalimu?"

"Msiende, Tabita. Nakwambia kwa mdomo wangu. Msiende leo."

Hakuna mtu mzima hapa aliyewahi kuambiwa hivyo na mkubwa wake, na Tabita ana miaka arobaini na moja. Aliona haya, machozi yakamtoka. Lakini aliandika, na hawakwenda. Wanafunzi walipakua mizigo, wakanuna. Mchana wote Apphia hakulala. Kila akisikia mashine nje alimwuliza Saata, "Nani huyo? Anakwenda au anarudi?"

Saa kumi jioni, jua likiwa bado juu kabisa, familia moja kutoka kambi ya ng'ambo iliingia mjini. Walikuwa na sleji tatu zimejaa nyama, watoto, bibi yao na mbwa kumi na mmoja, na walikuwa wamepita palepale kwenye mlango mwembamba. Tabita alikwenda kuwauliza, akapima nyuma yao njia nzima, akaja kwa Mwalimu uso umemshuka.

"Wamevuka, Mwalimu."

"Wamevuka? Na mizigo?"

"Na mizigo. Nimepima. Ni nene njia nzima, hata kwa chini haijaliwa."

"Wote wamefika?"

"Wote, na mbwa."

Apphia alifumba macho. Saata alidhani amefadhaika, kumbe alikuwa anatabasamu. "Mungu ni mwema," akasema. "Basi andika kwamba nimekosea."

Tabita alikunja pua.

"Andika."

"Siwezi kuandika hivyo juu yako, Mwalimu. Wewe ni mkubwa wangu."

"Mimi ndiye mkubwa wako, na mkubwa wako anakuomba. Miaka thelathini na minne, Tabita. Hakuna aliyeandika. Nani aanze kama si mimi? Niandikie. Ni mimi, sitakuchukia."

Tabita alikaa na kalamu mkononi, sisi tuliokuwepo tukitazama sakafu. Kisha akaandika katika safu ya kulia: "Mwalimu Apphia alisema msiende. Barafu ilishika. Alikosea." Apphia aliomba miwani. Alisoma taratibu.

"Umesahau saa," akasema.

Tabita akaongeza saa.

"Sasa wape hao wa kusini," akasema Mwalimu, akamrudishia daftari.

Hakuandikisha tena. Alifariki Jumatatu tarehe 30 Mei, saa tisa na dakika kumi mchana, nyumbani kwake, ameshikwa mkono na Saata na Jonasi, mwanawe. Alikuwa na miaka sitini na saba, mwezi mmoja na siku ishirini na saba. Namba hizo mdogo wake amezihesabu mara tatu, maana angeulizwa.

Jumatano Baraza la Chuo lilikutana. Tabita alisimama akasoma ukurasa ule wa mwisho kwa sauti, pande zote mbili, akakaa. Mkuu wa Chuo, uliyekaa pale mbele, ulisema maneno ambayo familia hii haitayasahau: madaftari yatakwenda mazima au hayataondoka. Barua imeshatumwa pamoja na picha ya ukurasa huo. Kusini hawajajibu. Wakiyataka, milango iko wazi na Tabita atawapokea. Wasipoyataka, yatabaki kwenye rafu, na Jumatatu asubuhi saa moja na nusu redio itasoma safu zote mbili kama kawaida.

Marehemu ameacha binti, Saata, na mumewe Looee. Mwana, Jonasi, ambaye ni mwana, ni mume, na ni mkubwa wa nyumba. Wajukuu watano, mmoja akiwa tumboni, na jina lake mnaweza kulikisia. Mama mkwe wake, Bi Ruta Qamaniq, mwenye miaka tisini na mitatu, aliyetaka kuja kwa miguu na akaja. Kaka zake Samweli na Davidi. Wahitimu sabini na watatu. Na mdogo wake.

Mungu wa nchi kavu na wa maji amlaze pema kando ya Jonasi wake, na ampe pumziko lisilo na saa ya kuamka. Chakula kiko ukumbini. Kingali cha moto.

Lala, dada yangu. Mimi nilikusikia.